Barua ya Alhamisi

Masese, Jinja
6 Machi 2024

Kwa Shemeji Bakhit, Malukhu, Mbale.

Salamu alaikum. Mgongo wako haujambo? Nauliza mgongo kwanza kwa sababu nasikia siku hizi wewe ni afande wa mifagio katika kliniki. Sisi huku wazima, ila nyonga yangu ilivunjika mwaka juzi, natembea kwa kusukuma kiti cha plastiki mbele yangu. Watu wa Masese wanasema Haboba Zahara amenunua gari. Nawaambia pandeni.

Usishtuke. Sijafa, wala sijakusamehe. Nimekupigia simu mara sita hupokei, ndiyo maana unaona karatasi. Anayeandika ni Juwairiya, jirani yangu, chanja yake ya kuanika mukene na yangu zinagusana. Mimi kalamu siijui, hilo unalijua. Barua anaileta Proscovia, yule anayepeleka magunia ya mukene soko la Mbale kila Alhamisi. Ikinuka, ni samaki, si mimi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita niling'olewa jino. Jino likatoka, damu ikakataa kubaki. Siku tatu natema ndani ya kopo la rangi. Wakanirudisha kwa daktari, mwanamke mdogo, mikono baridi, akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyevuja hivi. Nikamtajia Zubair, mjukuu wangu, aliyefia mikononi mwako siku ya kutahiriwa. Daktari akakaa chini. Akasema kuna ugonjwa wa damu, himofilia. Damu haijui kuganda. Mama anaubeba tu, hata asijue, lakini mtoto wake wa kiume ndiye anayevuja. Akasema wajukuu zangu wa kike wapimwe.

Nabila, dada yake Zubair, ameolewa huko kwenu Nabuyonga na kijana anaitwa Nasif. Ana mimba kubwa. Picha ya hospitali imesema ni mvulana. Na mama mkwe wake, Hajati Nusifa, kwao mtoto hutahiriwa siku ya saba, nyumbani, kwa wembe.

Nimempigia Nabila. Unajua alivyonijibu mimi bibi yake? "Haboba, miaka ishirini na miwili umenifundisha kwamba kaka yangu aliuawa na wembe mchafu wa Babu Bakhit. Leo wembe umetakata?" Akakata simu.

Wewe uko hapo karibu, na kliniki ni ya kwenu. Mpeleke akapimwe damu. Sikuombi. Nakuambia.

Shemeji yako,
Mama Shadiah


Malukhu, Mbale
14 Machi 2024

Kwa Shemeji Zahara.

Waalaikum salaam, na Ramadhani njema. Mgongo wangu unainama na kuinuka, alhamdulillahi. Pole kwa nyonga. Pole kwa jino.

Simu yako sipokei na sitapokea. Maneno ya mdomo wako ndiyo yaliyonitoa Masese. Ulisema maneno matatu tu, "Bakhit, wembe wako!", na kabla ya magharibi nyumba yangu haikuwa na mabati. Mke wangu Namukose akarudi kwao Iganga na fundo moja la nguo. Hakurudi tena. Mimi na wewe tutasemezana kwa karatasi, ili siku ya kuulizwa iwepo ya kuonyesha.

Wembe ule niliuchemsha mara mbili. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, kama desturi yetu Wanubi, wazee wote wamekaa. Nilikuwa nimetahiri watoto zaidi ya mia mbili na sikuwahi kuzika hata mmoja. Tangu siku ile sijashika wembe, hata ndevu zangu nanyolewa na mtu.

Ugonjwa huo ninaujua. Mwaka 2015 aliletwa hapa kliniki mtoto mwenye magoti meusi kama ya Zubair, na mimi ninafagia, nikaacha ufagio nikamwuliza daktari. Akanieleza yote. Nilikuandikia mwezi uleule. Ile barua uliifanyia nini?

Nimezungumza na Daktari Isabirye, mkubwa wetu hapa. Anasema damu ya mtoto itachukuliwa kwenye kitovu akizaliwa, ipelekwe Kampala, na asiguswe na wembe mpaka majibu yarudi. Lakini hawezi kuingia nyumba ya watu kuvunja desturi yao kwa uvumi wa mfagiaji. Anataka karatasi inayosema katika ukoo wa mama ni nani waliovuja, majina yao na miaka yao. Akiipata hiyo, atakwenda yeye mwenyewe kwa Nasif. Nasif anamheshimu.

Basi nami nina swali. Ugonjwa huu hauanguki na mvua. Ulitoka kwa mama yao, marehemu Shadiah, na Shadiah ulimzaa wewe. Kabla ya Shadiah ulizaa wavulana wawili, Hakim na Surur, kule Bombo, kaka yangu alipokuwa jeshini. Mimi nilikuwa mtoto Arua. Tuliambiwa walikufa kwa surua.

Ilikuwa surua?

Shemeji yako,
Bakhit


Masese
20 Machi 2024

Kwa Bakhit.

Salamu. Funga yangu iko salama, yako sijui kama inapokelewa.

Ilikuwa surua. Umesoma? Juwairiya, andika tena, kubwa: SURUA. Walitoka vipele mwili mzima, nikawazika. Kaka yako alichimba kwa mikono yake. Wewe ulikuwa unachunga mbuzi na pua inatoka, leo unataka kunihesabia wafu wangu?

Barua yako ya mwaka ule niliwashia moto. Mukene wa siku hiyo walikauka vizuri.

Tena angalia unachouliza na unamwuliza nani mbele ya nani. Mdogo wake Nabila, Madinah, unamkumbuka alikuwa mgongoni siku ile, sasa ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, anaolewa baada ya Idi Kubwa. Anaolewa na Yakub. Yakub ni mtoto wa Juwairiya, huyu huyu anayeandika. Anacheka hapa, anasema nikusalimie. Ukoo wetu hauna doa. Wakwe wametuuliza na wametuulizia, kama ilivyo haki yao, na hawakukuta kitu.

Zubair alivuja, basi. Mmoja. Mwandikie daktari wako huyo mmoja. Kama anataka wafu zaidi aende makaburini achague.

Bakhit, mimba haingoji. Nenda kwa yule Nabila. Mkate sikio ukipenda, lakini umpeleke.

Shemeji yako,
Mama Shadiah


Malukhu
4 Aprili 2024

Kwa Shemeji Zahara.

Salamu alaikum. Natumaini nyonga imepoa. Huku joto, lakini tunafunga.

Nimekwenda Nabuyonga. Nilivaa kanzu. Nabila alikuwa uani anaosha mchele wa futari, tumbo limemtangulia. Ana macho ya kaka yangu. Nikasema, "Salamu alaikum, mwanangu, mimi ni Babu Bakhit." Aliniangalia kwanza kama mtu anayetafuta jina la kitu. Halafu sufuria yote ya maji ya mchele ikawa kifuani pangu.

"Muuaji wa kaka yangu," alisema. Hakupiga kelele. Ni vibaya zaidi mtu asipopiga kelele.

Hajati Nusifa akatoka. Mwanamke mnene, mcheshi. Akaniona ninavyotiririka, akasema, "Mzee, umekuja kutahiri au kufuliwa?" Wapangaji wote wakacheka. Nikamwambia mtoto atakayezaliwa asiguswe kabla ya kupimwa damu. Akasema, "Kwetu wanaume wote wamekatwa siku ya saba na wote wana wake wawili wawili. Nenda kapime damu ya mbuzi wako." Nabila akasema, "Haboba aliniapisha juu ya kaburi la Zubair kwamba mikono hii haitanigusa." Mikono yangu, alikuwa anaionyesha.

Nilirudi kwa miguu, nguo imegandamana.

Zubair mmoja hatoshi, Shemeji. Nilimwambia Daktari Isabirye. Alisema mmoja anaweza kuwa alikatwa vibaya. Unaona? Hata daktari, mtu mwema, anaanza na wembe wangu.

Nataka majina. Hakim. Surur. Na kama yuko mwingine kabla yao, naye. Nataka iandikwe ulijua lini. Mpaka hapo, mimi nafagia.

Shemeji yako,
Bakhit


Masese
24 Aprili 2024

Kwa Shemeji Bakhit.

Salamu alaikum. Afya yako nitaiuliza siku nyingine.

Nabila amejifungua Jumamosi. Mvulana. Nasif mwenyewe alinipigia, anacheka kama mlevi. Wamemwita Zubair. Ijumaa ni siku ya saba. Leo ni Jumatano, kesho Proscovia anapanda na magunia, jioni barua iko mkononi mwako. Hesabu mwenyewe.

Nimemwambia Juwairiya aandike ninavyosema, asiulize kitu mpaka mwisho. Ameshika kalamu. Nimemshika mkono mwingine.

Andika. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume aliitwa Hakim. Alizaliwa Bombo mwaka 1970. Alitahiriwa akiwa na siku saba. Alivuja siku mbili na nusu. Hakuna surua.

Wa pili aliitwa Surur. 1974. Huyo tuliogopa kumtahiri, tukamficha. Alifika miaka mitatu. Alianguka kwenye kizingiti, akang'ata ulimi wake. Ulimi tu, Bakhit. Siku nne. Nilikuwa ninakinga damu kwa bakuli kwa sababu sikutaka kuimwaga.

Kabla yao alikuwepo kaka yangu, Marjan, tumbo moja na mimi, naye alivuja mpaka akafa. Mama yangu alinipa habari zake siku ya kuolewa kwangu, akaniambia, "Hiki ni cha kwetu, kinywani hakitoki." Mimi na mume wangu, kaka yako, tukakaa tukasema: surua. Kwa sababu tulikuwa na Shadiah, na Shadiah lazima aolewe. Nani ataoa kwenye nyumba inayozika wavulana?

Sasa lako. Zubair wa kwanza alipofika miaka sita niliona magoti yake. Uliniuliza siku ile, wembe tayari uko kwenye maji ya moto, ukasema, "Shemeji, mbona mtoto huyu ana madoa?" Nilikwambia ameanguka kwenye mawe pale mwaloni. Nilijua. Nilisema moyoni labda Mungu amechoka kutuchukulia. Wazee walikuwa wamekaa, pilau imeiva. Nikamshika mwenyewe miguu.

Damu ilipokataa kusimama, watu wote walikugeukia wewe, na wewe ulinigeukia mimi. Ulikuwa unataka kuuliza. Nikaona swali linatoka kwenye mdomo wako. Ndipo nikapiga kelele kwanza.

Wembe wako ulikuwa safi. Uandike hivyo hivyo, Juwairiya. Wembe wa Bakhit ulikuwa safi kuliko mimi.

Juwairiya ameweka kalamu chini. Anatazama ziwani. Namwambia, mama, maliza karatasi, halafu unipige.

Ameichukua tena.

Nimempigia Nabila jana nikamtajia majina yote matatu. Alisema, "Haboba, sasa unabuni wafu?" Wakanizimia simu. Anakuogopa wewe na haniamini mimi, na yote mawili nimeyapika mwenyewe. Lakini daktari ana karatasi yake sasa. Mpe. Usile, usiswali sunna, usifunge kamba ya kiatu. Mpe kesho.

Usinisomee methali ya mficha maradhi. Nilinyonyeshwa nayo.

Shemeji yako,
Zahara, mama wa Hakim, wa Surur, wa Shadiah

Mimi Juwairiya, mwandishi, naongeza langu. Yote hapo juu ameyasema kwa kinywa chake na akili yake ni timamu. Yakub wangu hatamwoa Madinah. Nimemaliza kuandika katika nyumba hii.


Malukhu
9 Mei 2024

Kwa Shemeji Zahara.

Salamu alaikum. Najua umekwisha kusikia. Nasikia Nasif alikupigia Jumapili, na kwamba ulikaa juu ya kiti chako cha plastiki mpaka Jumatatu. Inna lillahi. Mtoto amezikwa Nabuyonga, kaburi fupi, nililiona kwa mbali. Hawakutaka nikaribie.

Wengine wote wameambiwa kwamba barua ilichelewa. Wewe unajua Proscovia hachelewi. Kwa hiyo kwako wewe siwezi kusema uongo, na nadhani ndiyo sababu ninakuandikia wewe badala ya kumwambia imamu.

Ilifika Alhamisi saa kumi na moja jioni. Ninaijua harufu ya gunia lile. Niliisoma nimesimama, halafu nimekaa, halafu nikaisoma tena. Miaka ishirini na miwili, Shemeji. "Wembe wa Bakhit ulikuwa safi." Kliniki ilikuwa bado wazi. Nyumba ya Daktari Isabirye ni mwendo wa dakika kumi kutoka chumba changu. Nilivaa viatu. Nikafika barabarani, nikamwona daktari kichwani mwangu akiichukua karatasi ile, anaiweka kwenye faili lake, mwisho. Mtoto amepona, na Bakhit ni nani? Ni mfagiaji aliyeleta karatasi.

Kuna watu wa Masese wengi hapa Mbale. Wote husali msikiti wetu. Wengine walibeba mabati yangu kwa mikono yao.

Nilijua siku ya kutahiri ni Ijumaa. Lakini mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kutahiri mtoto Ijumaa kabla ya sala, na baba yangu hakuwahi, wala ngariba yeyote wa Kinubi ninayemjua. Mpaka wazee watoke msikitini. Nikajiambia: sala itakwisha saa saba na nusu, barua itasomwa mbele ya watu, nitaipeleka kwa daktari mbio, saa nane tuko Nabuyonga, wembe bado uko kwenye maji. Nilikuwa na hakika. Nikavua viatu.

Ilisomwa. Imamu aliisoma yote, hata maneno ya Juwairiya. Mzee mmoja aliyenitemea mate mwaka 2002 alinishika kichwa akalia. Walinikumbatia mmoja mmoja, na nikawaacha wamalize. Dakika zile nilikuwa mtu.

Daktari Isabirye alisoma mistari mitano akatoka mbio na glovu mikononi. Tulipofika Nabuyonga, Hajati Nusifa alikuwa ameshika beseni la nguo nyekundu. Walimtahiri saa tatu asubuhi. Wao si Wanubi. Kwao hufanywa asubuhi, kukiwa na baridi. Sikuwahi kuuliza.

Alikimbizwa hospitali kubwa. Aliongezewa damu mara mbili. Dawa yenyewe ilibidi itoke Kampala, ikafika Jumapili mchana. Yeye aliondoka Jumapili alfajiri.

Daktari aliniuliza kule koridoni, "Mzee Bakhit, karatasi hii uliipata lini?"

Nikasema, "Leo."

Nabila amepimwa. Anabeba. Hajati Nusifa anasema mwanawe aliuziwa mtungi uliopasuka. Nasif bado hajasema kitu.

Shemeji yako,
Bakhit


Masese
17 Julai 2024

Kwa Bakhit.

Salamu alaikum. Kula unakula? Wanasema umekonda mpaka kanzu inakuvaa. Kula.

Anayeandika ni Madinah. Juwairiya ameihamishia chanja yake upande wa pili wa mwalo, tunaonana kwa moshi. Madinah alinisomea barua yako. Aliisoma yote bila kusimama, akatoka nje, akarudi, akaniambia, "Endelea, Haboba, niandike nini?" Mtoto huyu ni chuma. Mimi nimemfanya chuma, na sijui kama nimpongeze au nimwombe radhi.

Alikwenda kupimwa mwenyewe. Damu ilipelekwa Kampala, majibu yamerudi wiki mbili sasa. Hana. Damu yake ni nzima kama ya watu. Juwairiya alisikia, akapita hapa na bakuli la mandazi, anajipitisha. Yakub ameshachumbia msichana wa Bugembe. Nilimwambia Juwairiya, mandazi weka, wewe nenda. Madinah hakuyagusa. Mimi niliyala yote, kwa hasira.

Sasa nisikilize. Nilikudanganya. Barua yako ya mwaka 2015 sikuichoma. Iko kwenye sanduku la bati, chini ya nguo zangu za harusi, haijafunguliwa. Niliogopa kumpa mtu anisomee. Nilijua tu, ikitoka kwako, ina swali lile ulilotaka kuniuliza damu ikimwagika. Nikailalia miaka tisa.

Juzi nilimwambia Madinah aifungue. Ulisahau uliandika nini? Nitakukumbusha:

"Shemeji, nimeujua ugonjwa uliomuua Zubair. Si wembe wangu, na wala si wewe, ni damu tu tuliyopewa. Sitaki uniombe radhi, wala usimwambie mtu kama itakuvunjia nyumba. Nataka Nabila na Madinah waletwe wapimwe kabla hawajazaa. Nitawapokea stendi. Wakinitemea mate nitajifuta."

Haina swali. Hata moja.

Huyo Bakhit angepokea barua yangu Alhamisi akakimbia nayo peku. Nimemtafuta, hayupo. Nilimfungia kwenye sanduku la bati mpaka akachacha. Wewe uliyebaki umefanana na mimi, hadi ule uongo wa neno moja. Mimi "wembe", wewe "leo".

Mimi langu nimelisema. Ijumaa iliyopita nilisukuma kiti changu mpaka mlango wa msikiti wa hapa, nusu siku, nikawangoja watoke. Nikasema yote, na majina. Watoto wakapiga makelele kwamba gari ya Haboba leo imefika mjini. Wazee waliinamisha vichwa. Mmoja akasema, "Mama, ungeyaacha tu yalale." Nikamwambia, yalikuwa yamelala, ndiyo maana.

Bado lako. Usiniambie mimi, mimi na wewe tumekwisha kujuana. Nenda Nabuyonga. Mwambie Nabila ilifika siku gani. Kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Karatasi umeipenda sana. Akikumwagia maji, simama. Akikupiga, simama. Mimi nilinyamaza miaka ishirini na miwili, na nimekuona ulivyoshikwa na huo ugonjwa. Usinyamaze hata wiki moja.

Halafu uje Masese. Nitakupikia. Mabati yako najua yako kwenye nyumba ya nani, tutakwenda kuyatazama pamoja, wewe na mimi na kiti.

Shemeji yako, umpende usimpende,
Zahara


Malukhu
1 Agosti 2024

Kwa Shemeji Zahara.

Salamu alaikum. Nakula kidogo.

Nimekwenda. Nabila alikuwa peke yake, anafunga vitu vyake kwenye shuka. Nasif amesema sasa: talaka. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Ilifika Alhamisi. Niliishika mpaka Ijumaa ili watu wasikie jina langu."

Hakunimwagia kitu. Alinyoosha mkono. Nilikuwa na barua zako kifuani, zote nne, nikampa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akazisoma moja moja, tangu salamu. Alisoma nyonga yako na mgongo wangu. Alisoma kiti cha plastiki. Alisoma mandazi ya Juwairiya. Mahali fulani alitabasamu, sikuona ni wapi. Alipomaliza alizikunja vizuri, akazinyoosha pembe kwa kidole, akanirudishia.

Akasema, "Mnaandikiana vizuri sana, nyinyi wawili."

Akaendelea kufunga.

Shemeji yako,
Bakhit